Akishinda kesi ya wizi, kosa la kutoroka mahabusu linafutika?

Swali: Wakili, shikamoo. Mdogo wangu alikaa rumande miezi saba akisubiri kesi ya wizi isikilizwe. Wiki mbili zilizopita alipelekwa hospitali akiwa chini ya ulinzi. Pingu zilifunguliwa ili apimwe, askari akatoka nje kupokea simu, naye akapita mlango wa nyuma akaondoka. Hakumgusa mtu, hakuvunja kitu. Amenipigia, anasema wizi hakufanya na mashahidi wa kumsafisha wapo, kwa hiyo akiachiwa huru kwenye wizi hili la kutoroka litakufa lenyewe, maana hakustahili kuwa ndani tangu mwanzo. Nimemtumia nauli mara moja. Je, anasema kweli? Na mimi niko salama?

Jibu: Marahaba, dada. Hukutaja nchi, na ni vizuri hukutaja mji wala mahali alipo. Barua kama hii haina kinga ya siri. Kinga hiyo iko kati ya mteja na wakili wake, na mimi si wakili wake. Usiniandikie zaidi ya hapa.

Jibu lenyewe hutalipenda. Karibu kila mahali ambako kutoroka ni kosa, mdogo wako amekosea hesabu. Anadhani kesi ya kutoroka ni tawi la kesi ya wizi, kwamba shina likikauka na tawi linanyauka. Kumbe ni miti miwili. Kesi ya wizi inauliza: ulichukua mali ya mtu? Kesi ya kutoroka haina habari na mali ya mtu. Inauliza: siku ile ulikuwa chini ya ulinzi halali, na ukaondoka kwa kujua? Mahakama inaweza kujibu "hapana" kwa swali la kwanza asubuhi na "ndiyo" kwa la pili mchana wa siku hiyo hiyo, na hakuna mgongano wowote.

Kinachomchanganya yeye, na mahabusu wengi niliowahi kuzungumza nao, ni neno "halali". Wanalisikia kama "haki". Mtu asiye na hatia akifungiwa, wanasema, hapo uhalali uko wapi? Lakini hakimu aliyeamuru mdogo wako akae rumande hakusema kwamba ni mwizi. Alichosema ni kwamba kuna shtaka, kuna sababu za kumzuia, basi atunzwe hadi kesi isikilizwe. Uhalali wa ulinzi unatokana na amri hiyo, na amri husimama mpaka muda wake uishe au mahakama yenyewe iitengue. Mahabusu karibu kote duniani wanahesabiwa hawana hatia. Hiyo ndiyo maana ya kusubiri kesi. Kama kutokuwa na hatia kungetosha kumruhusu mtu kuondoka, rumande isingekuwepo.

Sheria nyingi zimeliandika jambo hili bila kuzunguka. Kifungu cha 123 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema tu kwamba aliye chini ya ulinzi halali akitoroka ulinzi huo ametenda kosa. Hakisemi "mfungwa", hakisemi "aliyetiwa hatiani". Ni kosa dogo kwa daraja, na adhabu ya jumla ya makosa ya daraja hilo haizidi miaka 2, au faini, au vyote viwili. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, inatumia maneno ya jamaa moja. India, kwa kanuni yake ya mwaka 1860, kifungu cha 224, iliweka mpaka miaka 2, kisha ikaongeza maelezo kwamba adhabu hiyo inakuja juu ya ile ya kosa ambalo mtu alishtakiwa nalo. Ufaransa imekwenda mbali zaidi: adhabu ya kutoroka hujumlishwa na adhabu ya kosa lililomweka mtu ndani, na hakimu hawezi kuziunganisha zikatumikiwa pamoja.

Sheria ya shirikisho la Marekani inampa mdogo wako somo lingine. Pale adhabu inategemea ulikuwa ndani kwa ajili gani: ukitoroka ukiwa umekamatwa kwa shtaka la jinai kubwa, ni mpaka miaka 5, ukiwa na shtaka la kosa dogo na hujahukumiwa bado, ni mpaka mwaka 1. Kipimo ni shtaka lililokuwepo siku ya kutoroka. Shtaka kubwa likija kuanguka baadaye, halirudi nyuma kulifanya la kutoroka kuwa dogo.

Sasa nimtendee haki, kwa sababu huenda amesikia jambo la kweli akalielewa nusu. Zipo nchi ambako kutoroka peke yako, kwa mikono mitupu, si kosa la jinai. Ujerumani ni mojawapo: sheria inamwadhibu anayemtoa mfungwa au anayemsaidia kutoka, lakini mfungwa mwenyewe aliyeteleza hana shtaka la kutoroka. Meksiko, katika kanuni yake ya shirikisho, kifungu cha 154, inasema waziwazi kwamba mfungwa anayetoroka haadhibiwi, isipokuwa kama alipanga na wafungwa wenzake au alitumia nguvu dhidi ya watu. Hoja ya nyuma yake ni kwamba kutamani uhuru ni silika ya binadamu, na sheria haimdai mtu awe mlinzi wa kifungo chake mwenyewe. Mimi naiona hoja yenye heshima. Ila wanaoisimulia kijiweni huacha nusu ya pili. Ujerumani wafungwa wakijikusanya na kutoka kwa nguvu wanakabiliwa na kosa la uasi wa wafungwa, kuanzia miezi 3 hadi miaka 5. Ukikata nondo umeharibu mali. Ukimpa askari chochote umetoa rushwa. Na hata huko, aliyekimbia akikamatwa hurudishwa ndani, na safari hii hatari ya kukimbia, ambayo ni sababu mojawapo ya kumweka mtu rumande, haihitaji tena kubishaniwa na mtu.

Kama nchi yenu si ya kundi hilo, upande wa mashtaka utatakiwa kuthibitisha nini? Mahakama ya Rufani ya Uingereza ililipanga jambo hili vizuri mwaka 2005 katika shauri la Dhillon, na mpangilio wake unafaa hata nje ya mipaka yake: kwamba mtu alikuwa chini ya ulinzi, kwamba alijua hivyo, au hakujali kama ni hivyo, kwamba ulinzi wenyewe ulikuwa halali, na kwamba aliondoka kwa kukusudia. Kila kipande ni mlango wa utetezi, kwa hiyo tuvipitie kwa habari za mdogo wako.

La hospitali halimsaidii. Ulinzi ni hali ya mtu kisheria, si kuta. Unamfuata kwenye karandinga, kwenye korido ya mahakama, kwenye kitanda cha wodi. Pingu kufunguliwa ili apimwe hakukumwachia. Askari kutoka nje kupokea simu ni uzembe wa askari, na huenda kuna mtu anaandika maelezo kazini kwa ajili hiyo sasa hivi, lakini uzembe wa mlinzi haugeuki ruhusa ya mlindwa. Ingekuwa askari amemwambia "wewe nenda", au gereza limemtoa kimakosa kwa kuchanganya majina na yeye hakudanganya mtu, tungekuwa na mazungumzo tofauti kabisa. Mtu aliyetolewa na wakubwa wenyewe mara nyingi si mtoro. Mlango wa nyuma, wakati mlinzi hayupo, unasema wenyewe alijua nini na alikusudia nini.

Kwa hiyo linabaki la uhalali, na hapo ndipo wakili wake anapaswa kukaa na mafaili. Amri ya rumande ilikuwa hai siku ile? Katika nchi nyingi amri hizi zina muda, na mshtakiwa hurudishwa mbele ya hakimu ili zihuishwe. Je, tarehe ilipita bila mtu kumpeleka? Kuna hati ya mashtaka iliyosajiliwa, au alikuwa anakaa kwa mazoea? Miezi saba ni muda mrefu, na mafaili ya mahabusu wa muda mrefu huwa na matundu. Lakini nisikupe matumaini ya bure. Kosa la uandishi kwenye hati, jina lililokosewa herufi, muhuri uliofifia, vitu hivyo peke yake kwa kawaida haviondoi uhalali. Na hata kuchelewa kwa kesi, jambo linalouma na ambalo mara nyingi ni kinyume cha haki zake, lina dawa yake mahakamani: maombi ya dhamana, maombi ya kesi kufutwa kwa kucheleweshwa, maombi ya kufikishwa mbele ya jaji ili uhalali wa kumshikilia upimwe. Majaji hawampendi mtu aliyejipa mwenyewe amri ambayo angeweza kuiomba.

Kuna utetezi mwingine ambao hukuutaja, nami nauleta kwa sababu ndugu mara nyingi hawaambiwi. Je, alikimbia kitu? Kipigo, kutishiwa kuuawa, kuingiliwa kimwili? Sheria za nchi nyingi zinatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuvunja sheria ili kuokoa mwili wake. Mahakama ya rufani ya California mwaka 1974, katika shauri la Lovercamp, ilikubali jambo hili kwa watoro, ikaweka masharti makali: tishio liwe mahususi na la karibu, kusiwe na muda wa kulalamika au malalamiko ya nyuma yawe yamepuuzwa, kusiwe na muda wa kukimbilia mahakamani, mtoro asitumie nguvu dhidi ya askari wa gereza au watu wengine wasio na hatia, na ajisalimishe mara tu anapokuwa salama.

Sharti hilo la mwisho ndilo huwaangusha wengi. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua shauri la Bailey. Watu walikuwa wametoka kwa dirisha katika jela ya Washington mwaka 1976, wakasema ndani kulikuwa na moto unaowashwa makusudi, vipigo na vitisho. Mahakama haikusema wanadanganya. Iliuliza: mlipofika nje, mkiwa mbali na moto na vipigo, mlifanya nini? Walikuwa wamekaa nje kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu na nusu. Bila ushahidi wa jitihada ya kweli ya kujisalimisha tishio lilipokwisha, utetezi wao haukufaa hata kupelekwa mbele ya jopo la raia ambalo huko ndilo huamua kama mtu ana hatia. Kwenye shauri hilo hilo ilisemwa pia kwamba kutoroka ni kosa linaloendelea: halikuisha pale alipovuka mlango, linaendelea kutendeka kila siku anayokaa nje. Ndiyo maana kungoja muda wa kushtaki upite, wazo ambalo najua litamjia, haliwezi kumsaidia penye tafsiri hiyo. Muda hauanzi kuhesabiwa wakati kosa bado linatendeka.

Wiki mbili basi si kitu kidogo. Wala si miezi mitatu.

Kuna hasara nyingine ambayo mdogo wako haioni, nayo iko kwenye kesi ile ile anayojivunia kuishinda. Mwendesha mashtaka atasimama aseme: mtu asiye na hatia, mwenye mashahidi, anakimbia nini? Mahakama nyingi huruhusu kukimbia kutajwa kama ushahidi wa kimazingira kwamba mtu alijijua ana hatia. Ni ushahidi dhaifu, na hilo lisemwe. Tangu mwaka 1896, katika shauri la Alberty, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilikataa kuuchukua ule usemi wa kale wa mwovu kukimbia bila kufukuzwa kama kanuni ya sheria, ikasema watu wasio na hatia kabisa nao hukimbia, kwa hofu ya kushikwa kama wahalifu au kwa kutotaka kuwa mashahidi. Wakili mzuri atalitumia hilo. Lakini kabla ya kuondoka hospitali hakuhitaji kulitumia. Alikuwa na kesi ya shahidi dhidi ya shahidi. Sasa ana kesi ya shahidi dhidi ya shahidi na mguu wake mwenyewe.

Tena mashahidi wake hawangojei. Watu huhama, husahau, huogopa wakisikia polisi wanamtafuta. Kama kesi ilikuwa imeshaanza kusikilizwa mbele yake, nchi nyingi zinaruhusu iendelee bila yeye, kwa hoja kwamba haki ya kuwepo ni yake na yeye mwenyewe ameitupa. Mashahidi wa upande wa pili watazungumza, na hakuna wa kumnong'oneza wakili kwamba "huyu anadanganya, siku ile alikuwa kwingine". Kama haikuwa imeanza, faili litakaa na hati ya kukamatwa juu yake.

Na ile miezi saba? Katika nchi nyingi siku za rumande huhesabiwa kwenye kifungo kama mtu atatiwa hatiani. Kwa wizi usio mkubwa, miezi saba ingeweza kula sehemu kubwa ya adhabu. Haipotei kwa sababu ametoroka, lakini siku za nje hazihesabiki, dhamana amejifungia mwenyewe, na adhabu ya kutoroka mara nyingi huwekwa baada ya nyingine, si sambamba. Kijana aliyekuwa karibu kutoka kwa namna yoyote ile amejirudisha mwanzo wa foleni. Nasema hivi bila kumcheka. Miezi saba ya kusikia "kesi imeahirishwa" inamfanya mtu mwenye akili timamu aone mlango uliofunguka kama jibu la dua.

Ajisalimishe, basi, na ajisalimishe kwa mpangilio. Apate wakili kwanza, leo kama inawezekana. Wakili awasiliane na mahakama au polisi, akubaliane mahali na saa, aende naye. Ihakikishwe kwamba saa ya kujisalimisha imeandikwa na kwamba amekuja mwenyewe, kwa sababu kati ya "alijileta" na "alikamatwa" kuna tofauti ambayo hakimu ataipima kwa miezi. Akipokelewa aombe kupimwa na daktari, hasa kama ana hofu ya kulipiziwa. Kuhusu tukio lenyewe asitoe maelezo bila wakili wake kuwepo. Kuna wanaodhani wakieleza vizuri kwamba hawakuiba, askari wa zamu atawaelewa. Askari wa zamu anaandika tu kwamba mtu amekiri kuondoka. Namna uharaka unavyothaminiwa unaiona kwenye mwongozo wa adhabu wa shirikisho la Marekani: aliyetoka kwenye kizuizi kisicho na ulinzi mkali akarudi mwenyewe ndani ya saa 96 hupunguziwa. Mdogo wako hana sifa hizo mbili, lakini mantiki yake haina mpaka wa nchi.

Sasa wewe, dada. Hapa ndipo nina wasiwasi zaidi, kwa sababu sheria nyingi humkasirikia msaidizi kuliko mtoro. Kenya hiyo hiyo inayompa mtoro kosa dogo, katika kifungu cha 124 inamfanya anayemsaidia mfungwa kutoroka kuwa mwenye kosa la jinai kubwa, mpaka miaka 7. Ujerumani isiyomwadhibu mtoro inamwadhibu aliyemsaidia mpaka miaka 3. Si upuuzi: silika ya uhuru inamtetea aliyefungwa, haimtetei aliye nje.

Kwa jinsi ulivyoandika, hukujua chochote kabla hajaondoka. Kama ni hivyo, kusaidia kutoroka kwenyewe kuko mbali nawe, angalau penye tafsiri inayohesabu kwamba kutoroka kulikamilika alipokuwa huru. Kinachobaki ni kosa la pili, la kumhifadhi au kumsaidia anayetafutwa akwepe mkono wa sheria, na nauli inaweza kuingia humo. Swali watakalouliza ni mbili kwa moja: ulipotuma ulikuwa unajua ametoroka, na ilikuwa nauli ya kwenda wapi? Nauli ya kwenda mbali na nauli ya kwenda kwa wakili ni kiasi kile kile cha pesa, lakini si kitendo kimoja.

Undugu unasaidia katika baadhi ya nchi. Ufaransa na Ujerumani kwa kiasi kikubwa haziwaadhibu ndugu wa karibu, kaka na dada wakiwemo, kwa kumsaidia mwenzao akwepe mashtaka. Sheria zenye asili ya Kiingereza ni bahili zaidi. Kenya na Tanzania, kwa mfano, zimemtaja mke anayemsaidia mumewe baada ya kosa, dada hazikumtaja. Usijenge nyumba juu ya undugu mpaka mtu amekusomea kifungu cha nchi yako.

Usitume tena pesa. Usifute meseji wala kumbukumbu za kutuma. Kufuta ni kuharibu ushahidi, na ni rahisi kuthibitisha kuliko nauli yenyewe. Polisi wakija, kunyamaza na kuomba wakili ni haki yako karibu kila mahali, lakini kuwaambia "sijaongea naye" wakati umeongea naye ni kosa jipya unalojitengenezea sebuleni kwako. Na wakili huyo asiwe yule wa mdogo wako. Siku moja maslahi yenu yanaweza kugongana, hasa akiulizwa pesa ya kusafiria aliipata wapi.